Hariri, Bahari na Askari wa Pwani



Katika mazungumzo yetu ya leo tunakusudia kusema na ndugu zetu wa majeshi ya ulinzi na wa polisi, hasa wale walio zamu katika mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado, tangu mlango wa Mto Ruvuma, kupita Palma na Mocímboa da Praia, hadi visiwa vya Kirimba. Mada yetu ni hariri. Bila shaka yuko askari ambaye akisikia neno hilo atatabasamu na kumwambia mwenzake kwamba leo redio imekosa habari. Tunamwomba avumilie kidogo. Bahari anayoilinda usiku huu ilikuwa njia ya hariri karne nyingi kabla ya bunduki ya kwanza kufika huku, na mambo yaliyoipata njia hiyo yalitokana, kwa sehemu kubwa, na mwenendo wa watu wenye silaha.

Kwanza tujue hariri ni kitu gani, maana wengi wetu tumevaa jina lake bila ya kuvaa yenyewe. Hariri haitoki shambani kama pamba, wala haitoki mgongoni mwa mnyama kama sufi. Inatoka kinywani mwa kiwavi. Nondo jike hutaga mayai mia tatu, mia nne, hata mia tano. Yakianguliwa hutoka viwavi vidogo vyembamba kama nywele, na chakula chao ni kimoja tu, majani ya mforsadi. Hula mchana na usiku kwa muda wa wiki nne hivi, wakijivua ngozi mara nne, na watu waliopata kuingia katika nyumba ya kufugia wanasema kwamba sauti ya viwavi hao wakitafuna ni kama sauti ya mvua juu ya makuti. Mfugaji hana usiku wala sikukuu. Majani yakiwa na unyevu, viwavi huugua, yakichelewa, hudhoofika.

Kiwavi akishiba hupanda kwenye vijiti akaanza kutoa uzi, akichezesha kichwa huku na huku, na kwa siku mbili tatu hujifunika ndani ya kifukofuko cha uzi ule ule mmoja usiokatika. Urefu wa uzi wa kifukofuko kimoja waweza kuwa mita 900, na mara nyingine hufika hata mita 1,500. Kiwavi akiachwa, atageuka nondo, atatoboa kifukofuko na kuuharibu uzi. Kwa hiyo mfugaji humuua kwa mvuke au kwa joto kabla ya siku hiyo. Kisha vifukofuko hutiwa katika maji ya moto ili ile gundi inayoshika uzi ilainike, na mfanyakazi, aghalabu mwanamke, hutafuta ncha za nyuzi kwa vidole ndani ya maji hayo, akaziunganisha tano, au nane, au kumi, na kuzizungusha katika gurudumu. Nyuzi hizo zikiisha kupotwa ndipo huingia katika kitanda cha mfumaji. Nguo moja ya hariri ni maelfu ya vifukofuko, na ni vidole vingi vilivyoungua.

Kazi hiyo Wachina waliijua miaka maelfu iliyopita, na kwa muda mrefu walikuwa peke yao duniani. Wao wenyewe husimulia kwamba aliyeigundua ni mke wa mfalme wao wa kale. Hayo ni masimulizi. Lakini ni jambo la historia kwamba karibu mwaka 552 au baada yake kidogo, watawa waliyapeleka mayai ya viwavi hadi Konstantinopoli kwa Kaisari Justiniano, na inasemekana waliyaficha ndani ya fimbo zenye uwazi. Askari wa forodha atambue hapo: mojawapo ya magendo makubwa kupita yote katika historia ya dunia lilipita katika fimbo ya mtu wa dini, mbele ya macho ya walinzi.

Jambo jingine litakalompendeza askari ni hili. Katika China ya kale hariri haikuwa nguo tu, ilikuwa fedha. Katika enzi ya wafalme wa Tang, yaani kati ya mwaka 618 na 907, majeshi yaliyolinda mipaka ya magharibi, huko jangwani, yalipelekewa mishahara yao kwa majora ya hariri. Jora moja lilikuwa na urefu wa mita kama 12, na kwa jora hilo askari alinunua nafaka, kondoo, na viatu. Serikali ile ile ilinunua farasi wa vita kutoka kwa Wauighuri kwa kulipa hariri, na bei ya farasi mmoja ilipata kufika majora 40. Kabla ya hapo, wafalme wa Han walikuwa wakiwapelekea hariri maadui zao wa kaskazini kila mwaka ili wasivamiwe. Ndiyo kusema kwamba barabara mashuhuri ya hariri, ile ya ngamia, ilifunguliwa na wafanyabiashara, na vile vile na mahitaji ya jeshi.

Sasa tuje kwetu. Barabara ya ngamia haikufika Afrika Mashariki. Iliyofika ni barabara ya maji. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimwona Sultani akitembea chini ya vivuli vinne vya hariri za rangi, na juu ya kila kivuli ndege wa dhahabu. Na yeye mgeni akapewa mavazi, na mojawapo likawa kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni. Karne moja baadaye Wachina wenyewe walifika. Misafara ya amiri wao Zheng He iligusa Mogadishu, Barawa na Malindi, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Mmoja wa watu wa misafara hiyo, aitwaye Fei Xin, ameandika bidhaa zilizotumika katika biashara huko Mogadishu, na miongoni mwake zimo atlasi na hariri za rangi, pamoja na vyombo vya kaure. Mwaka 2013 wachimbaji wa mambo ya kale walipata katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, sarafu ya mfalme Yongle, yule yule aliyewatuma.

Hata hivyo tusidanganyike kwamba hariri ya huku ilikuja kwa merikebu za Wachina. Ilikuja zaidi kwa mikono ya Waarabu, ya Waajemi, na hasa ya Wahindi wa Cambay katika Gujarat. Pepo za kaskazi ziliwashusha kuanzia Desemba, na pepo za kusi ziliwarudisha. Chombo kilichotoka India kiliweza kufika Kilwa na kurudi katika msimu wake, lakini kwenda mpaka Sofala kwenye dhahabu na kurudi katika msimu huo huo kulikuwa ni shida. Kwa hiyo mizigo ilishushwa, ikapakiwa katika majahazi ya wenyeji, na majahazi hayo yalipita hapa hapa: Rasi ya Delgado, Vamizi, Matemo, Ibo, Kirimba. Visiwa hivyo vilikuwa vituo vya maji, vya chakula, na vya biashara.

Na hapa ndugu msikilizaji aniwie radhi nikikawia, maana jambo hili ni letu na watoto wetu shuleni hawalisikii sana. Watu wa visiwa vya Kirimba hawakukaa pwani kungoja nguo za wageni. Walifuma wenyewe. Wareno walipokuja walivikuta visiwa hivi vikitoa vitambaa vya pamba na vya hariri vilivyotiwa rangi ya buluu, na jina la kitambaa hicho na jina la visiwa katika vinywa vya Wareno lilikuwa moja: Maluane, au kama wengine walivyotamka, Milwani. Rangi ilitoka katika mmea wa nili. Majani huloweka majini hata yakachacha, maji yakapigwapigwa mpaka rangi ikatuama chini, kisha tope lile likakaushwa kuwa madonge. Nguo hutoka katika chombo ikiwa na rangi ya kijani, na ikiguswa na hewa hugeuka buluu mbele ya macho ya mtu. Kitambaa hicho kiliuzwa kaskazini na kusini, wala hakikuwa cha maskini.

Wala Kirimba haikuwa peke yake. Huko Pate palifumwa nguo za hariri zilizosifika hata Wareno wakazitafuta. Na huko Sofala, kwa ushahidi wa Mreno Duarte Barbosa aliyeandika mwanzoni mwa karne ya kumi na sita, wafumaji walikuwa na pamba nyeupe lakini hawakuwa na rangi; basi walinunua nguo za buluu za Cambay, wakazifumua uzi kwa uzi, wakauchanganya na uzi wao mweupe na kufuma upya nguo ya namna yao. Fikiri subira ya mtu anayefumua nguo nzima ili apate uzi! Mtu wa namna hiyo si mtu wa kuambiwa kwamba bara lake halikuwa na ufundi.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Kisiwa cha Msumbiji, mwandishi wa safari yake aliandika kwamba wenyeji wamevaa nguo za kitani na pamba zenye mistari ya rangi, na vilemba vyenye kingo za hariri iliyotariziwa kwa dhahabu. Mfalme wa Malindi alimpokea chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu. Zawadi alizokuwa nazo Mreno huyo, kofia, mabeseni na shanga, zilionekana duni mbele ya watu wa namna hiyo. Na huo, kwa maoni yangu, ndio mzizi wa mambo yaliyofuata. Aliyekuja hakuwa na bidhaa ambazo soko lilizitaka. Alichokuwa nacho zaidi ya wengine ni mizinga.

Mwaka 1505 jeshi la Francisco de Almeida lilipiga Kilwa, kisha likaichoma Mombasa. Mjerumani mmoja aliyekuwamo katika merikebu hizo, Hans Mayr, anaeleza jinsi askari walivyovunja nyumba na kutoa nguo za pamba, nguo za hariri na dhahabu, na mazulia. Zulia moja zuri likapelekwa kwa mfalme wa Ureno. Mwaka huo huo ngome ilijengwa Sofala ili dhahabu yote ipite mikononi mwa mfalme huyo. Ikaletwa na sheria ya cheti, walichokiita cartaz: chombo chochote kisicho na cheti cha Wareno kilihesabiwa kuwa ni ngawira. Mwanzoni mwa miaka ya 1520 wakaja Kirimba, wakaupora mji na kuuteketeza kwa moto, kwa sababu watu wake walifanya biashara bila ya kuwataka idhini.

Je, walifanikiwa? Hili ndilo ningependa afisa anayesikiliza alitafakari. Ngome ya Sofala ilisimama, mizinga ikaelekezwa baharini, na dhahabu ikapungua. Haikukauka ardhini, ilibadilisha njia. Wafanyabiashara wa Kiswahili walihamia Angoche, wakafungua njia mpya za kwenda bara kupitia Mto Zambezi. Wareno waliishambulia Angoche mwaka 1511, na biashara ikaendelea vile vile. Nao maofisa wa ngome, ambao mishahara yao ilichelewa, walianza kufanya biashara ya siri kwa faida yao, na hivyo mfalme aliibiwa na watu aliowaweka wamlindie mali. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini bandari ambayo mgeni akifika hunyang'anywa haitamwona msimu wa pili.

Kirimba haikufa mara moja. Mtawa João dos Santos, aliyekaa kisiwani humo katika miaka ya 1590 na ambaye kitabu chake kilichapwa Évora mwaka 1609, alikuta bado wenyeji wakijua nili na ufumaji. Lakini baadaye visiwa vikawa mashamba ya mabwana wa Kireno, na katika karne ya kumi na nane na ya kumi na tisa Ibo ikawa bandari ya kuuza watu. Nguo ilizidi kuletwa kutoka India, na baadaye kutoka viwanda vya Ulaya na Marekani, na ilitumika kama fedha: kwa nguo palinunuliwa pembe, na kwa nguo palinunuliwa binadamu. Mahali palipokuwa na wafumaji pakawa na madalali. Leo Ibo inasifika kwa mafundi wake wa fedha, nao wastahili sifa hiyo; vitanda vya kufumia Maluane havipo.

Hata alama za hariri yenyewe hazipo. Kaure haiozi: mbele ya Kisiwa cha Msumbiji wazamiaji wamepata vyombo vya kaure vya enzi ya Ming katika merikebu iliyozama karne ya kumi na sita, na vipande vya kaure ya China vimechimbwa katika miji mingi ya kale ya mwambao huu. Hariri ikiingia maji ya chumvi huisha. Bibi yangu alikuwa na kilemba cha marehemu babu alichokihifadhi sandukuni pamoja na udi, akikiita hariri ya China; siku nilipokishika kilikatika mkononi kama jani kavu, nikapigwa kofi nililolistahili.

Labda msikilizaji atasema: hayo ni ya wakoloni, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, katika mkoa huu huu, maduka ya Kireno yalifungwa katika maeneo ya vita na nguo ikawa adimu kupita chakula. Frelimo iliunda vyama vya ushirika: wananchi walibeba korosho, ufuta na karanga vichwani mpaka ng'ambo ya Ruvuma, wakarudi na nguo, chumvi na sabuni. Lázaro Nkavandame, aliyekuwa kiongozi wa mkoa, alilaumiwa na chama chake kwa kuwauzia wananchi bidhaa hizo kwa bei ya kuwanyonya, na mwaka 1969 akaenda upande wa Wareno. Ndani ya harakati yenyewe, basi, kanga moja ilikuwa jambo la siasa. Na ni katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1968, kilipofunguliwa Dar es Salaam kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China. Safari hii Mchina alileta mashine za pamba.

Na vita vya karibuni ninyi mnavijua kuliko mimi. Tangu Mocímboa da Praia iliposhambuliwa mnamo Oktoba 2017, tangu Palma iliposhambuliwa mnamo Machi 2021, hadi majeshi ya Msumbiji na ya Rwanda yalipoirudisha Mocímboa da Praia mnamo Agosti 2021, majahazi mengi yalikoma kusafiri. Mwenye chombo alikuwa kati ya hofu mbili: hofu ya muuaji na hofu ya kudhaniwa kuwa ni mwenzake muuaji. Upekuzi baharini ni wajibu, na mwenye kuubeza hajui silaha zinavyosafirishwa. Lakini nahodha anayeleta majora ya vitenge kutoka Mtwara ni mrithi wa wale waliopita hapa na hariri, na anapima bandari kwa kipimo kile kile. Akipekuliwa kwa haki, akalipa ushuru na kupewa stakabadhi, atarudi. Akitozwa cha kanuni na cha mfukoni, atatafuta kijito kisicho na mlinzi. Na kijito alichokitafuta mwenye vitenge ndicho atakachokitumia kesho mwenye risasi. Kwa hiyo rushwa ya jora moja, katika mwambao huu, ni jambo la usalama.

Nimalize kwa jambo la kazi, maana askari wa forodha ameniuliza zaidi ya mara moja. Leo China bado inatoa zaidi ya nusu ya hariri yote ya dunia, ikifuatiwa na India. Lakini hariri ni chini ya asilimia moja ya nyuzi zote zinazofumwa duniani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya vitu vinavyoitwa hariri katika masoko yetu ni nyuzi za kiwandani zitokanazo na mafuta ya petroli. Mimi mwenyewe nilinunua shati la hariri kwa mchuuzi mmoja, nikalipiga pasi, na likabaki kwenye pasi. Katika orodha ya ushuru ya kimataifa hariri ina sura yake, ya 50, na nyuzi ndefu za kiwandani zina yao, ya 54, na mwenye kuandika moja badala ya nyingine huwa na sababu.

Namna ya kutambua ni rahisi. Chukua uzi, uwashe kwa kibiriti. Hariri ya kweli huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na moto ukiondolewa huelekea kuzima wenyewe; majivu yake ni meusi na husagika kwa kidole. Uzi wa kiwandani huyeyuka, hudondoka, na kuacha shanga ngumu isiyosagika. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Jaribio lifanywe nchi kavu, mbali na petroli ya mashine, na mbele ya mwenye mali. Uzi mmoja kutoka ukingoni unatosha. Hapana haja ya kukata kipande. Kisha robota lifungwe kama lilivyokutwa, na nahodha apewe karatasi yake kabla maji hayajatoka.